Mwenzake Kiroboto

Asubuhi ile Kiroboto aliruka mara tatu kama kawaida yake, na mstari kwenye kioo cha kompyuta ukapanda mara nne.

Baba yake aliona. Alikuwa ameketi katika chumba cha mitambo, kikombe cha chai mkononi, dirisha likiwa wazi ili wasikizane na mtoto aliyekuwa uani. Akasogeza uso karibu na kioo, akakipangusa kwa kiganja akidhani mwiba ule wa nne ni uchafu tu. Haukufutika.

"Kiroboto! Umeruka mara ngapi?"

"Tatu, Baba!"

"Usinidanganye."

"Tatu! Muulize Mama!"

Mama Kiroboto alikuwa akianika nguo. Alisema yeye ana kazi zake, hana nafasi ya kuhesabu miruko ya watu. Mambo yakaishia hapo, na chai ikanywewa ikiwa imepoa.

Kituo chenyewe kilijengwa begani mwa mlima unaotoa moshi, mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili kabla ya kuhamia. Nyumba ilikuwa na chumba cha kulala, jiko ambalo ndilo lilikuwa pia sebule, na chumba cha mitambo. Uani palikuwa na shimo lenye mfuniko wa chuma, na chini kabisa ya shimo hilo kilizikwa chombo cha kusikiliza ardhi inapotikisika. Wataalamu wa mjini walikuwa na jina refu la chombo hicho. Pale nyumbani kiliitwa Sikio.

Sasa, Sikio lilihitaji kupimwa kila siku. Ilikuwa lazima mtu aende asubuhi kando ya shimo, aruke mara tatu, ili wale wa mjini waone miiba mitatu kwenye vioo vyao wajue chombo ni kizima. Kazi hiyo ilikuwa ya Baba Kiroboto. Lakini magoti yake yalikwisha kuanza kumlalamikia, na binti yake, tangu ajue kusimama, hakuwahi kutembea pale alipoweza kuruka. Ndipo lilipotoka hilo jina la Kiroboto. Baba akamwachia kazi, naye mtoto akaifanya kwa bidii ambayo mwenye kazi hakuwahi kuwa nayo. Mvua inyeshe, ukungu utande, mafua yambane, yeye huyoo uani, miguu peku, tu, tu, tu! Halafu anakimbilia uji wake.

Nani angeona ubaya hapo? Mtoto anaruka nyumbani kwao.

Kesho yake ikawa vilevile, ila safari hii miiba ilikuwa sita: mitatu ya Kiroboto, na mitatu mingine midogo baada yake, wakati mtoto amekwisha simama anajikuna mgongo. Baba akajiambia ni mwangwi. Kisha akapata wazo, na laiti lingempita! Akamwambia mtoto aruke mara mbili, atulie, kisha aruke mara moja. Mstari ukapanda mara mbili, ukatulia, ukapanda mara moja. Halafu, kutoka chini, ukarudia: mbili, kimya, moja.

Mwingine nywele zingemsimama. Yeye alicheka peke yake, akapiga meza kwa furaha. Huko begani mwa mlima, mwaka mzima hakuna mgeni, na mtu akikaa hivyo muda mrefu hufurahi chochote kinachomjibu. Akamwita mkewe aone. Akamwonyesha na Kiroboto mwenyewe miiba yake na miiba ya "mwenzako wa chini", maneno hayohayo, kwa kinywa chake. Mtoto aliyekuwa hana hata mtu wa kucheza naye akapiga makofi.

Kuanzia siku hiyo hakuhitaji kuitwa.

Baba Kiroboto akampigia simu mtaalamu wa mjini, yule waliyemwita Daktari wa Mlima ingawa hakuwahi kuuchoma mlima sindano.

"Bwana Daktari, mlima wangu unanijibu."

Daktari alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Mlima haujibu, ndugu yangu. Huko chini miamba inapasuka. Naona mitetemo midogo kila siku, na kila siku inatokea juu kidogo kuliko jana. Kuna kitu kinapanda. Nikiwaambia mshuke, mshuke, msianze kubishana nami."

Alikuwa mtu mwema na alijua kazi yake. Kila alichosema kilikuwa kweli.

Harufu ilikuja baadaye, harufu ya mayai viza, kwanza uani karibu na shimo, kisha jikoni, kisha ndani ya mashuka yaliyofuliwa jana yake. Kuku wakapanda juu ya paa na kukataa kushuka hata walipomwagiwa mahindi. Sakafu ya chumba cha kulala ikawa na joto, joto dogo tu, la mahali alipotoka kuamka mtu. Mama Kiroboto aliyaona yote hayo akanyamaza, kwa kuwa mumewe alikuwa na jibu kwa kila jambo na yeye alichoka kujibiwa. Lakini jioni moja alikuwa akiosha vyombo, jua halijazama bado, Kiroboto akapita nyuma yake kwenda chumbani, na vijiko vilivyokuwa rafuni vikalia. Mtoto akasimama mlangoni. Vijiko vikanyamaza. Mtoto akapiga hatua, na sasa vijiko vimetulia, ila kioo cha chumbani ndicho kilichoanza kugongana na ukuta.

"Baba Kiroboto," akaita kwa sauti ya chini.

"Ee."

"Zima redio. Njoo huku taratibu."

Akaja akiwa na kandambili mkononi, akidhani ni nyoka. Mkewe akaweka beseni la maji katikati ya sakafu. "Mwite mtoto apite."

"Kwa nini tunanong'ona?"

"Wewe mwite tu."

Kiroboto akaitwa, akaja akirukaruka, na kadiri alivyokaribia beseni maji yakaanza kutetemeka, yakafanya duara ndani ya duara, na alipolipita yakatulia polepole. Baba Kiroboto akajaribu kupita yeye, mtu mzima na uzito wake wote. Maji hayakujali.

"Kinamfuata," Mama Kiroboto alinong'ona. "Kiko chini yake. Anapokanyaga, kinakanyaga."

Baba alichuchumaa mbele ya binti yake. "Kiroboto, mama yangu, huyo mwenzako wa chini anasemaga nini?"

"Hasemi. Ananiuliza tu."

"Anakuuliza nini?"

Mtoto alijishika kidole gumba cha mguu, akakichezea, bila wasiwasi wowote. "Anauliza mbona kila siku nabisha hodi halafu siingii."

Shangazi aliitwa asubuhi yake. Alikuwa dada wa marehemu baba yake Baba Kiroboto, aishiye chini ya mlima, na kazi yake ilikuwa kusema na wale ambao wengine hatupendi kusema nao. Alipanda njia nzima akihema na kugomba: nani aliyeona watu wenye akili wanajenga huku, na kwa nini mtoto amekonda, na hii harufu mnaivumiliaje. Alipofika uani na kuona shimo, aliacha kugomba. Akauliza ni la nini. Akaelezwa juu ya Sikio, na juu ya kuruka kila asubuhi.

"Tangu lini?"

"Tangu alipoacha kunyonya," alisema mama.

"Mara tatu? Kila asubuhi?" Shangazi alimgeukia mpwa wake. "Wewe mtoto wa kaka yangu, hukufundishwa? Ukifika kwa watu unabisha mara tatu, usipoitikiwa unaondoka zako. Wewe umembishia huyu miaka, na hujaondoka mlangoni!"

Baba Kiroboto akaingia ndani kutafuta mkeka.

Wakafunga madirisha mchana kweupe. Shangazi akamkalisha Kiroboto kwenye mkeka, akatia ubani kwenye kaa la moto, na ule moshi, badala ya kupanda, ukamwagika pembeni mwa chetezo, ukatambaa sakafuni kwa utaratibu wa kitu kinachojua kiendako, ukafika kwenye ufa mwembamba chini ya meza ambao jana haukuwapo, ukaingia wote. Mama Kiroboto alishika mkono wa mumewe akauminya mpaka kucha zikamwingia.

Mtoto akafumba macho. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa nzito na ya upole, ya mtu aliyeamshwa usingizini akawa bado hajakasirika.

"Nimesikia."

"Wewe nani?" aliuliza Shangazi.

"Mwenye nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Hii ambayo mmejenga juu ya dari yake."

"Unamtakia nini mtoto?"

"Yeye ndiye anayenitaka. Anabisha. Nilikuwa mbali, nikaamka, nikapanda kuja kumfungulia. Njia ni ndefu. Sitarudi peke yangu."

"Alikuwa anacheza. Mtoto hajui."

"Aliyemtuma anajua."

Hapo Baba Kiroboto akapiga magoti, yale magoti mabovu, mbele ya binti yake mwenyewe, akilia waziwazi bila kujifuta. "Basi nichukue mimi! Ilikuwa kazi yangu. Mimi ndiye niliyepaswa kuruka. Nichukue mimi, mwache mtoto."

Kiroboto akainamisha kichwa kidogo, macho bado yamefumba, kama anayesikiliza kitu kilicho chini ya sakafu.

"Mguu wako siujui," ilisema ile sauti, na haikusema tena.

Shangazi alitoka nje kutapika. Aliporudi alikuwa amezeeka. Akawaambia kwamba hawezi kumfukuza mwenye nyumba nyumbani kwake, hakuna awezaye, na wakiambiwa na mtu kwamba anaweza wajue ni tapeli. Kilichobaki ni kimoja. "Asikanyage. Si sakafu, si udongo, si jiwe. Akikanyaga huyu, ndio ameingia. Mbebeni mpaka huyo wa chini achoke kungoja, arudi alikotoka. Huenda akachoka."

"Huenda?" aliuliza mama.

"Ndiyo, mwanangu. Huenda."

Wakambeba. Kiroboto, mtoto ambaye hakuwahi kukaa kitako kwa muda wa kumaliza bakuli la uji, akawa anaishi kitandani na mezani na migongoni mwa watu. Alilia, akagoma kula, akamwita baba yake mbaya, kisha akazoea, na kule kuzoea kulimuuma mama yake kuliko kilio. Walipokezana kumshika wakati wa kulala. Walimwosha akiwa amesimama juu ya kigoda, na kigoda juu ya meza. Na kile cha chini nacho kilipoteza hatua za kufuata, kikaanza kutafuta: ardhi ikatetemeka chini ya jiko, ikatulia, ikatetemeka chini ya choo cha nje, ikatulia, ikazunguka nyumba yote kama mtu apapasaye ukuta gizani akitafuta mlango, na kila ilipozunguka duara lilikuwa dogo zaidi, na mitikisiko mikubwa zaidi, na nyufa zikapanda kutoka sakafuni hadi kwenye dari, na moshi wa mlima, uliokuwa mweupe maisha yao yote, ukageuka rangi ya kijivu.

"Shukeni," alisema Daktari wa Mlima kwenye simu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. "Shukeni sasa hivi. Gari haliwezi kupanda, barabara imepasuka. Njooni kwa miguu."

Kwa miguu. Baba Kiroboto alimtazama binti yake juu ya meza, akamfunga mgongoni kwa khanga mbili za mama yake, vifundo viwili, akavikaza.

Walitoka adhuhuri, na adhuhuri ile ilikuwa na giza la majivu. Shangazi mbele na fimbo yake akisoma dua kwa sauti ya kukwama, mama nyuma akiwa ameishika miguu ya mtoto kwa mikono yote miwili, akiikunja juu isije ikaning'inia, na katikati baba, ambaye magoti yake hayakuwa tena na kitu cha kulalamika kwa kuwa hakuyasikia, akishuka njia ile aliyoijua kila jiwe lake na ambayo sasa haikuwa na jiwe hata moja mahali pake, huku ardhi ikitetemeka si kila mahali bali palepale chini yake, hatua kwa hatua, akienda inakwenda, akisimama inasimama, akipiga chenga kushoto nayo inakuja kushoto, kana kwamba imekwisha jua mzigo ni upi na aliyeubeba ni nani, na mtoto akimnong'oneza sikioni, "Baba, anasema umechoka, niteremshe," naye akijibu, "Sijachoka, mama, sijachoka, shika shingo," mpaka walipofika kwenye kona ya mwisho kabla ya tambarare, wakaziona taa za magari ya watu waliokuwa wakiwangoja, na mama akacheka kwa kilio, na njia ikafunguka.

Ufa wenyewe haukuwa mkubwa. Ulitosha mguu wa mtu mzima. Baba Kiroboto akazama mpaka gotini, akaanguka kifudifudi, vifundo vikaachia, na Kiroboto akamwagika kutoka mgongoni. Mama aliudaka mguu mmoja. Ule mwingine ukagusa chini.

Kukawa kimya.

Mlima uliokuwa ukinguruma tangu alfajiri ukanyamaza ghafla, kama redio iliyozimwa. Majivu yakaendelea kushuka taratibu. Kiroboto alikuwa amesimama katikati ya njia, nywele zimejaa vumbi, akiwatazama mmoja mmoja.

"Kumetulia," alisema.

Wakamrukia, wakambusu, wakampapasa mikono na mbavu na meno. Alikuwa mzima. Hakuwa hata na mchubuko. Baba alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Shangazi alikuja mwisho, akamshika mtoto kidevu, akamnusa utosini kwa muda mrefu. Akamwachia, akajifuta mkono kwenye nguo.

"Kimeshuka," alisema. Na hakukubali kuingia kwenye gari moja nao, alisema anapenda kutembea.

Baada ya siku chache wakaruhusiwa kurudi. Daktari wa Mlima alisema hajapata kuona mlima ukilala usingizi mzito namna ile, na kwamba Sikio linahitajika kuliko wakati wowote, kama bado ni zima. Kuku walikuwa bado juu ya paa. Mama akafagia majivu, akawasha moto. Baba akaingia chumba cha mitambo, akafungua dirisha, akapiga simu mjini.

"Ruka basi," alisema Daktari. "Nipo mbele ya kioo."

"Nakwenda mwenyewe," alisema Baba Kiroboto. "Mtoto hataruka tena."

Akatoka, akaruka mara tatu, magoti yakalia, akarudi akihema. Miiba mitatu ilikuwa pale, mirefu na mizuri.

"Safi kabisa. Ngoja niliongezee Sikio nguvu kidogo. Ruka tena."

Baba alipoinua macho kuelekea dirishani, Kiroboto alikuwa amekwisha fika kando ya shimo. Alikuwa anaruka, peku, kwa nguvu zake zote, vumbi likimtimka, nywele zikipanda na kushuka.

"Bado?" aliuliza Daktari.

Baba Kiroboto alitazama kioo. Mstari ulikuwa umenyooka.

"Ndugu yangu, upo? Nakungoja uruke."

"Anaruka," alisema.

"Nani? Sioni kitu hapo juu. Ngoja... ahaa. Hapana, hii si ya hapo kwako. Hii inatoka chini, chini sana, na ni midogo mno. Mitatu. Imetulia. Mitatu tena." Daktari alipumua kwa ridhaa. "Usitie hofu. Mlima ukitulia huwa kuna vijitetemo vya namna hii. Vitafifia vyenyewe."

"Hapo inapotoka," Baba Kiroboto aliuliza, "hapawezi kuchimbwa?"

"Kuchimbwa vipi?"

"Kuchimbwa. Kwa mashine. Mtu ashuke."

"Huko hata chuma kinayeyuka, ndugu yangu. Pumzika. Mmepitia mengi."

Akakata simu. Alikaa akiitazama ile miiba midogo, mitatu mitatu, haikukosea hata mara moja. Kisha akaenda jikoni, akiwa hajui ataanzaje. Kiroboto alikuwa amekwisha ingia, ameketi mezani ametulia tuli, na mama yake alikuwa akimpakulia uji.

"Mama Kiroboto," alisema. "Twende nje kidogo, nina neno."

"Najua," alisema mkewe, bila kugeuka.

"Hujui. Huyu..."

"Nilimbeba kutoka garini. Nimembeba tangu kuzaliwa, unadhani siujui uzito wake?" Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kawaida, na mkono uliokuwa na upawa uliendelea kupakua. "Usiseme. Ukisema mimi nitabaki na nini? Huyu yupo, ana njaa, ananiita Mama. Kaa ule."

Mtoto alisogea kwenye benchi kumpa nafasi, akamtazama kwa upole. Baba Kiroboto akavuta kiti cha upande wa pili. Alipoinama ndipo alipoiona miguu ya mkewe, aliyekuwa sasa ameketi na kuchukua kijiko: alikuwa ameikunja yote miwili juu ya kiti, chini ya nguo, isiguse sakafu. Maana sakafuni, kwa mguu peku, kubisha kulisikika. Kulikuwa hafifu sana, tu, tu, tu, na kimya cha mtu anayengoja kufunguliwa, na tena tu, tu, tu.

Akavumilia kidogo. Kisha naye akapandisha miguu yake juu ya kiti, akavuta bakuli, akala.